Picha Tano za Ubelgiji

Sijawahi kukanyaga Ubelgiji, lakini niliichora kwa mikono yangu, mahali patano, kila mahali juu ya shuka mbili zilizounganishwa. Watoto wangu wananiambia siku hizi mtu akitaka kuiona Bruseli anabonyeza simu tu. Na wabonyeze. Mimi nikiuona ule uwanja wao mkubwa uliozungukwa na nyumba za urembo, natafuta pa kukaa.

Baba alikuwa mpiga picha Gitega, katika mtaa wetu wa Waswahili. Studio ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba: kiti, taa mbili na pazia la nyuma lenye maporomoko ya maji na tausi aliyechakaa hadi akabaki mkia. Vita vilipofika mwaka wa tatu macho ya baba yalikuwa yamekwisha kwa mtoto wa jicho. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimeacha shule Mushasha siku vita vilipoanza, na watu waliposema namsaidia mzee nilikuwa nakasirika. Simsaidii; yeye alikaa kwenye benchi akiwatambua wateja kwa sauti zao na kuwasalimia, na mpiga picha nilikuwa mimi.

Vita, Mungu anisamehe, vilitulisha. Kila bariyeri ya barabarani iliuliza karangamuntu, kitambulisho chetu, na karangamuntu haina maana bila picha. Watu walikuja na nyuso za hofu nikawapiga hivyo hivyo. Filamu za rangi zilikuwa lazima zipelekwe Bujumbura kusafishwa, na barabara ya Bujumbura hakuna aliyeitaka, kwa hiyo tulirudi kwenye picha nyeusi na nyeupe nilizosafisha mwenyewe katika stoo tuliyoifunika madirisha kwa blanketi.

Kalenda ilitoka kwa Mhindi mwenye duka la vitambaa, jirani yetu, mzaliwa wa Gitega kama baba yake. Alitumiwa na watu waliokuwa wakimuuzia bidhaa Ubelgiji, na mwaka ulipoisha akaniletea.

"Binti, we unajua kuchora hina kwa maharusi," alisema. "Chora na hii basi. Tausi yenu hata kuku wanamucheka."

Ilikuwa na miezi kumi na miwili na mahali kumi na pawili wanapokwenda watalii, na chini ya kila picha maneno ya Kifaransa ya kuwavuta. Uwanja Mkuu wa Bruseli. Ile mipira tisa mikubwa ya chuma iliyoshikana kwa mabomba, Atomium. Mji wa Bruges ambao barabara zake ni maji. Kilima cha Waterloo chenye simba wa chuma juu. Ufuo wa Ostende, watu wamelala mchangani mchana kweupe wala hakuna anayewafukuza. Nilisoma kwamba kwenye kile kilima palipiganwa vita vikubwa zamani, na sasa watu wanapanda ngazi na watoto wao kupigwa picha na simba. Nilicheka peke yangu, kicheko kibaya. Wenzetu vita vyao vimekuwa matembezi ya Jumapili.

Nikachagua hizo tano. Shuka zilishonwa na fundi cherehani aliyekaa kwenye baraza ya duka la Mhindi, kijana wa Muyinga aliyekuja Gitega kutafuta kazi kisha vita vikamfungia njia ya kurudi. Msomaji atanitafutia mapenzi hapa. Asijisumbue. Yule mtu alikuwa na maringo hadi ya kuudhi, anatembea na kitana kwenye soksi, na hawezi kupita kwenye kioo cha duka bila kujisalimia. Kwa kushona mapazia hakutaka chochote ila apigwe picha.

"Mi nataka zote tano," alisema.

"Kwani we ni mufalme wa Wabeljiji?"

"Enfin, nani anajua? Vita ikiisha mi naenda. Anza kunizoesha."

Alikuja asubuhi moja na furushi la nguo za wateja, nguo alizomaliza kushona zikawa zinangoja wenyewe. Kwenye Uwanja Mkuu alivaa koti la mwalimu. Mbele ya simba alivaa shati la harusi la mtu. Kwa Ostende tulimwaga ndoo ya mchanga wa fundi ujenzi sakafuni, akakunja suruali, akavua viatu na kuangalia pembeni kana kwamba kuna bahari. Baba kwenye benchi yake alicheka mpaka machozi. Ukiziweka pamoja picha zile ungesema mtu yule ametembea Ubelgiji mwaka mzima.

Karatasi za picha zilikuwa chache. Nilimtolea moja tu, ya Uwanja Mkuu, ampelekee mama yake Muyinga kwa ajili ya Idi. Nne zilibaki kwenye utepe wa filamu zikingoja karatasi. Kwetu ilikuwa desturi kuandika jina la mahali nyuma ya picha. Naye akaandika: *Mama, niko salama. Bruseli.* Nusu ya mtaa wetu ilikuwa imeshafika Bruseli kwa kukaa kwenye kile kiti. Mtu akikosekana swala ya alasiri waliulizana kwa utani kama amepanda ndege. Hakuna aliyewaza kwamba picha itamfikia mtu asiyejua mchezo wetu. Muyinga si mbali, lakini vita viliifanya mbali.

Mwezi haukuisha. Alipata kazi ya sare za kaki za wanafunzi kule Mutoyi, akazifunga nyuma ya baiskeli akaenda. Siku ya tatu mwanamke mmoja mkulima alitembea kutoka Bugendana hadi duka la Mhindi, ameshika mkasi na futi ya kitambaa. Alieleza kwa Kirundi, polepole, kwamba risasi zilipigwa njiani, za nani hakujua wala hakutaka kujua, na kwamba yeye na jirani zake walimzika kijana chini ya migomba yao kwa sababu hakukuwa na njia ya kumsafirisha. Hawakujua kuosha maiti ya Mwislamu. Walimfunga kwa mkeka. Mhindi alilia mbele ya watu, na mimi niliyekuwa nikimnunia marehemu kwa kitana chake nililia kumpita.

Msikitini alisaliwa swala ya asiyekuwepo. Ikabaki kupeleka habari kwa mama yake Muyinga. Kwetu habari ya kifo haipelekwi kwa barua, wala haikabidhiwi mpita njia. Inabebwa na mtu kutoka nyumba iliyomjua marehemu, anafika, anapewa maji, anakaa, ndipo anasema. Na kama anayeambiwa ni mama, msemaji awe mwanamke. Mama yake alikuwa mjane, hana mtoto mwingine. Baba aliniita.

"Utamwambia taratibu," alisema. "Useme na mahali alipolazwa. Mama akishajua, dua yake inamfikia mtoto kaburini mbele ya dua zetu sote."

Nilipanda gari la mizigo katika msafara uliosindikizwa na askari, mkasi na futi vikiwa kwenye mfuko wangu. Njia nzima nilikariri maneno. Nilikuwa na jeuri ya ujana, nikaamini nitaweza.

Nyumba niliisikia kabla sijaiona. Dufu zilikuwa zinapigwa. Uani kulikuwa na sufuria ya pilau juu ya mafiga, wanawake wamekaa kwenye mikeka na kanga mpya, na shehe wa mtaa anamalizia kusoma. Mwanamke mfupi, uso umemeremeta kwa moto wa jikoni, alinipokea mlangoni.

"Karibu, mwanangu, karibu! Umetoka wapi?"

"Gitega, mama."

"Gitega! Mungu mukubwa! Basi we ulimuona mbele hajapanda ndege!"

Akanishika mkono akaniingiza sebuleni. Ukutani, kwenye fremu yenye kioo, alikuwa mwanawe mbele ya pazia langu, na koti la mwalimu. Rangi zingetuumbua, nyeusi na nyeupe ilificha kila kosa la brashi. Ile ilikuwa Maulidi ya shukrani. Mtoto wake ametoka vitani, yuko Bruseli, ameandika mwenyewe kwamba yuko salama, na yeye ameuza mbuzi wake wawili kuwalisha majirani kwa furaha.

"Alipoondoka, alikuwa na furaha?" aliniuliza.

"Alikuwa na furaha," nikasema.

Niliwaza nitangoja wageni waondoke. Walipoondoka alikuwa amechoka, nikasema asubuhi. Asubuhi aliamka akiimba. Siku ya tatu aliniwekea maandazi ya njiani kwenye mfuko ule ule wenye mkasi, bila kuangalia ndani, akaniomba nimletee habari kila barua za mwanawe zikipitia kwa Mhindi, maana hivyo ndivyo alivyokwisha kujiaminisha. Nikasema ndiyo, mama. Huruma ilikuwapo, lakini zaidi ilikuwa woga. Niliogopa uso wake ubadilike nami nikiwa ndiye niliyeubadilisha. Nimekuwa na miaka mingi ya kutafuta neno jingine na sijalipata.

Baba aliniuliza kama nimefikisha. Nikamwambia nimefikisha, na kwamba mama alipokea kwa subira.

"Alhamdulillahi," alisema baba.

Karatasi za picha zilipopatikana nilitoa ya Bruges. Niliiangalia ikijitokeza ndani ya dawa, kwanza koti, halafu meno yake. Nyuma niliandika kwa kuiga mwandiko wake: *Mama, huu ni mji wa Bruges, njia zao ni maji.* Nikampa mchuuzi wa Muyinga. Wa Gitega sikuwapa, kwa sababu walijua. Jibu lilirudi baada ya majuma mengi. Anauliza: nyumba hizo zimesimama ndani ya maji, mbona hazizami? Nikafungua kalenda nikamjibu kwa maneno ya watalii.

Ikawa hivyo kwa karibu miaka mitatu. Picha ya Atomium. Picha ya simba. Kati ya picha na picha niliacha miezi mingi, kwa ubahili, kwa sababu utepe ulikuwa na mwisho. Alitaka kujua kama simba anaangalia upande wa kwetu. Alitaka kujua kama ndani ya ile mipira watu wanaishi. Wachuuzi walinihadithia wakicheka kwamba wanawake wa mtaa ule wanaijua Ubelgiji kuliko walimu wao, kwamba mama yule akishika picha anawatembeza jirani zake mji kwa mji, hapa ni kwa mfalme, hapa ni kwenye maji. Nasema ukweli wangu: nilifurahi. Kulikuwa na siku nilisahau kabisa kwamba kijana amekufa, nikawa nachagua picha ifuatayo kama mtu anayepanga safari ya ndugu yake.

Ya mwisho ilikuwa Ostende, suruali imekunjwa, miguu mchangani. Nilipoituma sikuwa na kitu tena. Miezi ikapita. Salamu zake zikaanza kuwa na wasiwasi: mtoto anaumwa? Ameoa huko, ameniacha? Sikujibu. Nilijiambia kimya kitamfundisha polepole kile nilichoshindwa kusema.

Gari zilipoanza kupita njia ya Karuzi bila askari, alikuja.

Ilikuwa asubuhi yenye jua. Nilikuwa nawapiga dada wawili wanafunzi mbele ya Uwanja Mkuu wa Bruseli, mmoja kwenye kiti, mwingine amesimama na mkono begani mwa mwenzake. Nilisikia salamu mlangoni, nikaitikia bila kugeuka. Kisha nikasikia anamuuliza baba hapo ndipo kwa mpiga picha, maana kwa Mhindi amemkuta kijana mgeni tu wa dukani, akamwelekeza huku; yeye ni mama wa yule fundi cherehani wa Muyinga.

Baba aliinuka kutoka kwenye benchi. Akanyoosha mikono yote miwili mbele, anamtafuta.

"Karibu, dada yangu," alisema. "Karibu sana. Mungu amurehemu mutoto wetu."

Alisema kile ambacho kila mtu mwenye adabu angemwambia mama aliyefiwa miaka mitatu. Maneno hayo nilimtia mimi mdomoni, kwa uongo wangu.

Mama alimtazama baba, akatazama pazia, dada wawili wakiwa bado wanatabasamu wanangoja kamera, na mwisho akanitazama mimi. Pazia lilikuwa limepinda kidogo kwa upepo wa mlangoni, na nyumba zote za Bruseli zilikuwa zinapinda nalo.

"Amurehemu nani?" aliuliza.

Ndipo nikasema. Nilisema yale maneno niliyoyakariri ndani ya gari la mizigo, yote, kwa mpangilio ule ule aliotaka baba: njia ya Mutoyi, kilima, migomba, mkeka. Nilimaliza kwa mahali alipolazwa. Dada wawili walichukua viatu vyao wakatoka mmoja mmoja.

Alikaa chini sakafuni palepale. Hakupiga kelele, ningeshukuru kama angepiga.

"Kuna mutu alikuya nyumbani," alisema. "Muchuuzi wa huku Gitega, muzee. Akaniambia pole na mutoto. Mi nikamutolea picha mbele ya watu. Nikamwambia, maiti inapigwa picha? Nikamuita mwenye wivu. Akaondoka na haya." Akakunja ncha ya kanga yake. "Ile mwaka wa pili."

"Mama, nisamehe," nikasema.

"Mi naomba Mungu kila siku. Kila siku, nyuma ya swala tano. Amupe afia. Amupe kazi. Amupe muke mwema huko. Maiti iko na haja gani na afia?"

Baba, ambaye wakati huo alikuwa ameshaelewa na uso wake umekuwa wa majivu, alijaribu kumfariji. Alimwambia Mungu anajua nia, dua ya mama haipotei.

"Mungu anajua, ndiyo," alisema mama. "Na mutoto? Yeye yuko pale chini, anasikia dua ya watu wote, ya mama yake hapana. Miaka mitatu. Atasema nilikuwa wapi?"

Baba aligeuza uso upande niliokuwa nimesimama.

"Nilikutuma useme nini?" aliniuliza, na tangu siku ile hadi anakufa hakunituma tena mahali.

Mama alidai matanga. Alisema mwanawe amekufa leo, na leo atatandikiwa mkeka. Mtaa mzima ukaja kumpa pole kwa msiba wa miaka mitatu. Wengine walishaisahau sura ya kijana, wakakaa siku tatu uani kwetu wakiwa wameinamisha vichwa. Nilipika mimi. Nilibeba sahani mimi. Wanawake walizipokea bila kuniangalia, na walikuwa na haki.

Siku ya nne tulikwenda Bugendana, mama, shehe, wanaume wanne wa msikitini na mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyeijua sura ya yule mkulima. Tulimkuta anapalilia maharagwe. Aliacha jembe akatuongoza hadi migombani, na nikaona kwamba miaka yote ile hakupanda kitu mahali pale, alipazungushia mawe. Mama alimshika mikono yote miwili, mwanamke ambaye hata si wa dini yake, akaisogeza kwenye paji la uso wake. Walilia pamoja, mmoja kwa Kirundi, mwingine kwa Kiswahili.

Shehe alipotandika mkeka nami nikavua viatu nijiunge nao, mama aligeuka.

"We simama kule," alisema.

Nikarudi njiani. Kutoka pale nilisikia Yasini ikisomwa, kisha sauti yake peke yake, inaomba. Alianza mwanzo kabisa, maombi ya mtu anayelazwa kaburini siku ile ile: mpanulie mahali pake, muangazie, msaidie ajibu maswali ya malaika. Nilipoinua mikono kuitikia amina nilijiona mwongo, nikaishusha.

Vita vilipokwisha nilikwenda Muyinga mara nyingi, kila Idi, na sukari na kanga. Alipokea vitu akaviweka pembeni. Nilipomwambia asalamu aleikum aliitikia, kwa sababu kuitikia salamu ni faradhi, na hakuongeza neno.